Jiwe Lililosingiziwa

Bi Patasi hakuzaliwa na jina hilo, na waliompachika hawakumwomba ruhusa. Patasi ni kile chuma kidogo chenye ncha kali ambacho fundi wa vito hukitumia kusukumia dhahabu juu ya ukingo wa jiwe ili lisichomoke. Mafundi wa mtaa ule walisema ulimi wake hufanya kazi ileile: ukikugusa, umebaki na alama. Yeye mwenyewe alilipenda jina. Alisema afadhali kuitwa patasi kuliko kuitwa godoro, maana godoro kila mtu anajilalia tu.

Basi Jumamosi ile patasi ilikuwa imenolewa pande zote mbili. Hata mpita njia angepiga chafya mlangoni angeambulia lake. Jana yake binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa amerudi nyumbani macho yamevimba. Shangazi wa mchumba wake, yule aliyemlea kijana tangu siku mama yake mzazi alipofariki, alikuwa ameiona pete ya harusi, na alipoiona tu alirudi nyuma akagonga kabati. Pete ina opali. Akasema jiwe hilo haliingii kwenye ukoo wao. Ama libadilishwe, ama harusi isiwepo, na yeye hatatia mguu. Binti naye akasema kama si jiwe lile hataki pete yoyote. Kijana katikati, hajui amshike nani, na kadi za mwaliko zilishagawiwa.

"Eti jiwe lina mkosi!" Bi Patasi alifoka, huku akiivua miwani na kuivaa tena. "Jiwe! Halina miguu, halina mdomo, halijui hata jina la mwenye kidole. Huo mkosi umeingilia wapi? Kwenye tundu gani?"

"Hasira hasara, dada," alisema kaka yake bila kuinua kichwa. Kaka huyo ndiye mwenye karakana, na kwa kuwa hutumia mkono wa kushoto, mtaa mzima ulimwita Mashoto. "Badilisha jiwe, yaishe. Topazi hizo hapo, garneti hizo hapo. Mimi nilikwambia tangu zamani, opali si jiwe la kuchezea."

"Hasara ni kunyamaza," alijibu Bi Patasi, akawasha mashine ya kung'arishia ili asisikie neno lingine.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chembamba. Mbele palikuwa na kabati la kioo na stuli mbili za wateja. Nyuma palikuwa na mabenchi mawili ya kazi, kila moja limepigiliwa ngozi chini yake kukinga unga wa dhahabu, maana katika kazi hii hata vumbi lina mwenyewe. Kwenye kona palikuwa na mtungi wa gesi na mpira wake mwekundu, bakuli la asidi lenye mfuniko, na ndoo ya maji. Na ukutani, juu ya kichwa cha Mashoto, palikuwa na chati iliyofifia ya miezi kumi na miwili na mawe yake.

Chati hiyo Bi Patasi alikuwa na ugomvi nayo wa siku nyingi. Wateja walikuwa wakiingia, wanauliza, "Mimi wa Mei, jiwe langu lipi?" Naye anawajibu zumaridi, kisha hawezi kujizuia, anawapa na historia yake wasiyoiomba. Zamani, aliwaambia, mawe hayakuwa ya miezi. Maandiko yanataja kifuko cha kifuani cha kuhani, kilichopambwa kwa mawe kumi na mawili, moja kwa kila kabila. Watu wa baadaye wakayafananisha na miezi, na mwenye uwezo akawa anayo yote kumi na mawili, mwezi ukiandama anavaa la mwezi huo, ukiisha analivua. Karne nyingi zikapita ndipo ukaja mtindo wa kung'ang'ania jiwe moja la mwezi wako hadi kaburini. Na hiyo chati? Wafanyabiashara wa vito wa ng'ambo walikaa kikao miaka mia na ushee iliyopita, wakayagawa mawe kwa miezi kama watu wanaogawana nyama, kila mmoja akitazama kilichojaa ghalani kwake. Ndiyo maana Desemba ina mawe matatu. Walibakiwa nayo.

"Sasa amethisti haizuii ulevi?" mteja mmoja aliwahi kumuuliza, mwanamke ambaye mumewe alijulikana baa zote.

"Inazuia, mama. Akiiuza akanywea, hatakuwa na pete wala hela ya kulewa tena."

Alicheka siku hiyo. Lakini kulikuwa na jiwe moja hakuwahi kulitania, na hilo ni garneti, jiwe la Januari, ambalo watu wa kale walilivaa safarini wakiamini linamlinda msafiri na kumwangazia njia. Mume wa Bi Patasi alikuwa dereva wa malori, mzaliwa wa Januari, na alivaa garneti ambayo Mashoto mwenyewe ndiye aliyempa siku ya harusi. Lori lilipinduka mteremkoni binti akiwa darasa la kwanza. Pete ilirudishwa kwenye bahasha haina hata mkwaruzo. Bi Patasi alilitoa lile jiwe kwa koleo, akalitupa kwenye mtaro wa maji machafu nyuma ya karakana, na tangu siku hiyo hakuamini tena jiwe lolote, jema wala baya.

Ila opali ilikuwa jambo jingine. Opali ile ndogo, nyeupe kama maziwa, yenye cheche za kijani na nyekundu ukiigeuza, aliichagua marehemu kwa mikono yake binti alipozaliwa, mwezi wa Oktoba, kwa kuwa opali ndiyo jiwe la mwezi huo. Mchuuzi wa mawe alikuwa ameiweka pembeni kwa sababu watu waliiogopa. "Hii ina rangi za mawe mengine yote," marehemu alisema, "sasa itakosaje kuwa nzuri?" Wala hakuwa mbali na ukweli, kwa kuwa watu wa kale waliiheshimu opali kwa sababu hiyohiyo, wakaiita jiwe la bahati kwa karne na karne, kabla haijapakwa matope. Ilikaa ndani ya pamba kwenye kiberiti kitupu mpaka binti alipochumbiwa. Ndipo Bi Patasi akaitengenezea pete, mwanzo hadi mwisho, kwa mkono wake.

Na hilo la mkono wake halikuja kirahisi. Alipoingia karakana ile alikuwa msichana aliyetoka shule, akawekwa kwenye mashine ya kung'arishia. Akaachwa hapo. Mwaka ukaisha, mwingine ukaja, uso na pua vimejaa vumbi jeusi, na kila alipoomba kushika moto kaka yake alimjibu lile lile: "Mwanamke ana haraka. Atachoma jiwe." Aliwaambia na wateja, wakacheka wote. Bi Patasi alijifundisha kwa nyaya za shaba kaka yake akiwa ameenda kula. Alijifunza kulehemu, kukata, kuinua makucha, yaani vile vijiti vinne vya dhahabu vinavyolishika jiwe. Mwisho macho ya Mashoto yakaanza kumsaliti kwenye vito vidogo, ndipo akamsogezea dada yake benchi la pili. Hakusema samahani wala asante. Alisema, "Kaa hapo, usiharibu."

Adhuhuri ile waliteremsha mlango wa chuma nusu, wakakaa kikao humo humo karakana. Nyumbani kulikuwa na majirani, na majirani wana masikio. Binti alikaa juu ya kreti, mikono kaifumbata. Mchumba wake, kijana mpole anayetengeneza majokofu, alisimama mlangoni kana kwamba anataka kukimbia. Shangazi mtu akapewa stuli. Alikuwa mama mrefu, mshonaji wa sare za shule, na sindano mbili bado zilikuwa zimechomekwa kolani. Maji alikataa.

"Mimi sikuja kugombana," alianza.

"Basi umekuja mahali pabaya," alisema Bi Patasi.

"Mama, jamani!" binti alimzuia.

"Nyamaza wewe. Dada yangu, nakuuliza kwa heshima zote. Mtoto wangu amekukosea nini? Kupika anapika, kukuamkia anakuamkia, kijana wako anampenda mpaka anasahau majokofu ya watu. Leo unataka kumvunjia harusi kwa sababu ya kokoto?"

"Mtoto wako hana kosa. Nampenda kama wangu. Ndiyo maana sitaki liingie kidoleni mwake." Shangazi alitazama kwingine. "Lisemwalo lipo."

"Lisemwalo na nani?"

"Na wanaolijua." Akanyoosha kidole kwa Mashoto. "Muulize kaka yako. Yeye ni fundi mkubwa, na ni mjomba wa bibi harusi. Akisema opali haina neno, mimi nitaondoka hapa na kunyamaza."

Wote wakamgeukia Mashoto. Alikuwa anasugua kikuku cha mtu kwa kitambaa.

"Mama anasema kweli," alisema hatimaye, kwa sauti yake ya dukani. "Opali ina mambo yake. Kuna wakati hujipasua yenyewe, ikiona msiba uko mbele ya aliyeivaa. Sisi mafundi tumeyaona. Dada yangu anajua kupachika, lakini haya ya ndani hayajui."

"Umeona?" alisema Shangazi, na sauti yake haikuwa ya ushindi hata kidogo. Ilikuwa ya mtu aliyethibitishiwa ugonjwa.

Bi Patasi alihisi damu inapanda mpaka masikioni. Mbele ya mtoto wake! Mbele ya wakwe! Mjomba mtu, badala ya kumtetea mpwa wake, anamwagia petroli. Alifungua mdomo, na alichotaka kukisema hakifai kuandikwa, lakini Shangazi alimuwahi. Alitoa leso kwenye pochi, akaifungua mkunjo kwa mkunjo, akaweka juu ya kioo cha kabati pete ya kike ya dhahabu, ya mtindo wa zamani.

"Usinione mshamba," alisema. "Mimi pia ni wa Oktoba."

Kitambaa cha Mashoto kilisimama.

Shangazi akasimulia. Pete ile alivishwa na mchumba wake enzi za usichana wake. Ilikuwa pana, inapwaya, ikabidi ipunguzwe kabla ya harusi. Baba yake akaipeleka kwa masonara, karakana ya mzee mmoja karibu na stendi ambayo ilishafungwa siku nyingi. Ikarudi imepunguzwa vizuri, inamkaa sawasawa, ila jiwe limepasuka, na pamoja nalo ukaja ujumbe kutoka kwa fundi. Mwambie binti, opali hii imejipasua yenyewe. Hujipasua ikiona msiba mbele ya aliyeivaa.

"Baba yangu hakuwa mtu wa kuficha jambo. Aliwaambia upande wa bwana harusi. Na wao walikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Walikuja wakaomba radhi vizuri sana. Hawakunitukana. Walisema tu wanaogopa. Na habari haina mguu lakini hufika. Kila aliyetaka kuja baada ya hapo alishasikia kuwa mimi ni yule wa jiwe. Wifi yangu alipofariki akiacha mtoto mchanga, kuna waliosema nisimshike. Nilimshika hivyo hivyo, lakini nilimlea kwa woga. Akipata homa tu, najua ni mimi. Kwa hiyo msiniambie ni kokoto."

Kijana pale mlangoni alikuwa amefunika uso. Hakuwahi kuambiwa.

Hasira ya Bi Patasi ikakosa pa kukaa. Alikuja kupigana na mama mwenye kiburi, sasa amwonee nani? Aliichukua ile pete, kwa kukosa la kusema zaidi kuliko kwa sababu nyingine, akavuta taa ya benchi, akaiweka lenzi jichoni. Akaitazama kama anavyotazama pete ya mteja yeyote, kwanza jiwe, kisha makucha, kisha pete yenyewe kuizunguka.

Jiwe lilikuwa na nyufa nyingi nyembamba zilizosambaa kama utando wa buibui, na moja kubwa iliyokata katikati. Hizo alizijua. Opali ina maji ndani yake. Ukiipiga moto maji yanataka kutoka, jiwe linapasuka hivyo hivyo. Ndiyo maana fundi akitaka kupunguza pete ya opali sharti alitoe jiwe kwanza, ndipo akate, alehemu, kisha alirudishe. Ni kazi ndefu na ya kuchosha. Akaangalia makucha. Makucha yaliyowahi kuinuliwa na kurudishwa huwa na kovu, kama waya uliokunjwa mara mbili. Haya yalikuwa laini. Hayajainuliwa hata siku moja tangu pete itengenezwe.

Jiwe lilikuwa mle mle wakati moto unapita.

Akaigeuza pete atafute kiungo, pale ilipokatwa. Kila fundi hukata chini kabisa, katikati, mkabala na jiwe. Hii ilikatwa pembeni, upande wa kushoto. Na Bi Patasi, ambaye kwa miaka yote ile alikuwa amekaa kwenye mashine aking'arisha viungo vilivyokatwa pembeni upande wa kushoto, kwa sababu aliyevikata alishika msumeno kwa mkono wa kushoto na ndivyo ulivyomwelekea, aliishusha lenzi taratibu.

"Kaka," alisema. "Kazi ulijifunzia wapi?"

"Swali gani hilo sasa?"

"Kwa yule mzee wa stendi. Siyo?"

Mashoto alianza kusugua kikuku tena. "Mafundi wengi walipita pale."

"Wa mashoto wangapi?"

Bi Patasi aliipigiza pete juu ya benchi la kaka yake, na Shangazi akashtuka kitini.

"Hukulitoa jiwe!" alipiga kelele. "Ulilipiga moto likiwa ndani, kwa uvivu wako! Likapasuka mbele ya macho yako, ukaogopa kufukuzwa kazi, ukamtwika huyu mama! Jiwe limeona msiba? Msiba ulikuwa wewe!"

"Punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Wainue mlango waingie! Mimi uliniweka kwenye vumbi ujana wangu wote. Mwanamke ana haraka, mwanamke atachoma jiwe! Kumbe nyani haoni kundule! Aliyechoma jiwe nani? Sema! Nani?"

"Mama, taratibu," binti alisema, lakini na yeye alikuwa amesimama, anamtazama mjomba wake kama mtu asiyemjua.

"Huwezi kujua," alisema Mashoto. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Miaka mingi hivyo, unasomaje? Labda lilikuwa na ufa tayari. Opali nyingi zinakuja na ufa. Na hayo maneno hata siyo yangu, mafundi wote walikuwa wanayasema likipasuka jiwe la mtu. Tuliyakuta. Ni maneno tu."

"Maneno tu," alirudia Bi Patasi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilishuka, na waliomjua walijua kuwa hapo ndipo pa kuogopa. "Kumbe ndivyo lilivyoanza. Fundi anavunja, jiwe linashtakiwa. Jiwe ambalo watu waliliita la bahati, nyinyi kwa viganja vyenu vya hovyo mkaligeuza nuksi ili msikatwe mshahara. Na dakika hii hii umeyarudia. Mbele ya mtoto wa dada yako. Ulikuwa tayari avunjikiwe harusi kuliko isemwe umeunguza opali."

Shangazi alikuwa ameweka mikono mapajani, anazitazama sindano zake kolani kama anazihesabu. Alipoinuka, kila mmoja alijua anaondoka. Hakuondoka. Alikwenda mpaka kwenye benchi la Mashoto, akaiokota pete yake, akajaribu kuivaa. Iligoma kwenye fundo la kidole. Vidole vya mshonaji vilikuwa vimenenepa na umri.

"Imenibana," alisema. "Nataka ipanuliwe."

"Nitakufanyia mimi, dada yangu," alisema Bi Patasi. "Sasa hivi, na kwa moyo mmoja."

"Hapana. Wewe kaa." Aliivua, akaiweka mbele ya Mashoto. "Afanye yeye. Nikiwa nimesimama hapa. Na safari hii, fundi, toa jiwe kwanza."

Mashoto aliinua macho kwa dada yake, kama anaomba kuokolewa. Bi Patasi alimsogezea taa.

Alichukua koleo. Alilishika kwa mkono ule wa kushoto ambao mtaa mzima uliusifia. Kucha la kwanza likainuka. La pili likainuka. Binti alisogea, na kijana akaacha mlango akaja kusimama nyuma ya shangazi yake, akamshika bega. La tatu. Alipoliinua la nne aliinamisha pete juu ya kiganja chake, na opali ikadondoka vipande viwili. Miaka yote ile makucha ndiyo yaliyokuwa yameishikilia.

Vile vipande vilitulia kwenye kiganja cha Mashoto, vinameta kijani na nyekundu kama vile havijapatwa na lolote.

"Haya," alisema Shangazi. Alikuwa analia, lakini sauti ilikuwa kavu. "Jiwe limevunjika tena. Niambie, nani kalivunja?"

Mashoto alitazama chati ukutani. Alitazama mtungi wa gesi.

"Mimi," alisema.

"Sema vizuri," alisema Bi Patasi. "Kijana hakusikia."

Kijana alikuwa amesikia. Alikuwa amesimama pale pale, umbali wa mkono mmoja.

"Mimi ndiye niliyelivunja," alisema Mashoto. "Nililivunja mimi, nikasema uongo. Halikuona chochote. Hukuwa na mkosi wowote, mama."

Shangazi aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyerudishiwa chenji yake kamili na hana cha kushukuru. Alimpungia binti mkono asogee, akamshika kidole cha pete, akakiminya kidogo, akamwambia avae jiwe la baba yake. Kisha akakaa tena kwenye stuli na kuomba yale maji aliyoyakataa.

Bi Patasi hasira haikuwa imemtoka, na wala haikumtoka mwaka huo. Alimnyang'anya kaka yake koleo na pete, akamwelekeza kwa kidole kwenye mashine ya kung'arishia, naye akaenda akakaa. Kisha Bi Patasi akawasha moto, akaanza kupanua pete.